Namna ya Kuandaa Utafiti wa Uzamivu Kuhusu Kinga ya Mwili na Upandikizaji wa Figo

Daktari wa upasuaji anayeamua kusomea shahada ya uzamivu katika upandikizaji huanza, mara nyingi, na swali kubwa mno. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilisoma makala kwa mamia, nikavutiwa na seli T, zile askari wa kinga ya mwili, nikaandika ukurasa wa kwanza ulioahidi kueleza kwa nini mwili wa binadamu hukataa kiungo cha mwenzake. Miezi kadhaa baadaye msimamizi wangu aliusoma ukurasa ule kimya kimya, akauweka mezani, kisha akauliza mambo mawili tu: wagonjwa unao wangapi, na sampuli zao utazihifadhi wapi? Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo, na andiko zima likarudi nyumbani.

Kwa hiyo mwongozo huu, unaomlenga daktari aliyeko Muhimbili, Dodoma, Nairobi, Eldoret au Kampala na anayetaka kufanya utafiti wa uzamivu bila kuacha chumba cha upasuaji, unaanzia pale ambapo wengi humalizia. Anza na idadi ya wagonjwa na nafasi iliyopo kwenye friza, kisha ulikate swali lako kwa kipimo hicho.

Hesabu wagonjwa kabla ya kuuliza swali

Upandikizaji wa figo kwetu bado ni huduma changa. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017 kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata mwaka 2018 kwa msaada wa wataalamu wa Japani. Na hospitali ya Mulago, Kampala, iliingia kwenye orodha mwishoni mwa 2023. Kenya imeanza zamani zaidi, ingawa hata huko idadi ya wanaopandikizwa ni ndogo ukiilinganisha na ya wanaosafishwa damu kwa mashine.

Chukua mfano wa kitengo kinachopandikiza wagonjwa 20 kwa mwaka, na tuseme mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata tatizo la mwili kuikataa figo katika mwaka wa kwanza. Ukikusanya wagonjwa kwa miaka 3 utakuwa na watu 60 na matukio 6. Kanuni ya kawaida ya watakwimu ni kwamba kila kigezo unachotaka kukichunguza katika hesabu ya pamoja kinahitaji takriban matukio 10, na wewe una matukio 6 huku kwenye andiko umeorodhesha umri, jinsia, ulinganifu wa HLA (alama za seli nitakazozieleza hapa chini), kiwango cha dawa, maambukizi na aina ya mtoaji. Hakuna programu ya takwimu itakayokuokoa hapo, na mtahini mwenye macho ataliona jambo hilo kabla hajafika kwenye jedwali la pili.

Dawa yake ni kwenda waliko wagonjwa. Kitengo kilekile chenye wagonjwa 20 wa kupandikizwa kwa mwaka huenda kina mamia wanaokuja kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, wamekaa kwenye viti vilevile kwa takriban saa 4 kila mara, majalada yao yapo, na mishipa yao imeshaunganishwa na mashine kiasi kwamba kuchukua mililita 10 za damu hakuhitaji kumchoma tena mtu sindano. Hawa ndio wanaosubiri figo, na kinga yao ndiyo itakayoamua kama figo hiyo itakaa. Swali linaloulizwa kwao linajibika.

Swali dogo si swali la kitoto. Mwaka 1943 daktari wa upasuaji Thomas Gibson na mwanabiolojia Peter Medawar walichapisha kazi waliyoifanya Glasgow kwa mgonjwa mmoja tu aliyeungua, wakimbandika vipande vya ngozi yake mwenyewe na vingine vya kaka yake. Ngozi ya kaka iliharibika, na walipoirudia kwa awamu ya pili iliharibika haraka zaidi, jambo lililoonyesha kwamba mwili unakumbuka. Mwaka 1960 Medawar alipata Tuzo ya Nobel kwa mwendelezo wa kazi iliyoanzia pale. Mgonjwa alikuwa mmoja, lakini swali lilikuwa la kukata kwa kisu na jibu lake lilionekana kwa macho.

Kulikata swali lenyewe

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, kwa sababu mwongozo usio na mfano ni hewa tupu. Tuseme unataka kujua: miongoni mwa wagonjwa wanaosafishwa damu katika hospitali yako, wangapi tayari wana kingamwili, yaani silaha za kinga zinazoelea kwenye damu, dhidi ya HLA, na je, waliowahi kuzaa na waliowahi kuongezewa damu wanazo zaidi?

HLA ni alama zilizo juu ya seli zetu, zinazotengenezwa na jeni zilizopo kwenye kromosomu ya 6, na ndizo zinazouwezesha mwili kumtambua mwenyeji na mgeni. Kwa kawaida mtu hawi na kingamwili dhidi ya HLA za mtu mwingine mpaka awe amekutana nazo, na kukutana huko hutokea kwa njia tatu kuu: ujauzito, kuongezewa damu, na kupandikizwa kiungo hapo awali. Mama anapobeba mimba hubeba nusu ya alama za baba, na mwili wake unaweza kujifunza kuzipiga vita bila yeye kudhurika wala kujua lolote. Miaka ishirini baadaye figo zake zinakufa, na mumewe, kwa moyo mweupe, anajitolea figo moja. Kinga ya mama ilishamjua mume huyu kupitia watoto wao. Katika jamii ambamo mwanamke wa miaka 45 anaweza kuwa amezaa mara tano au sita, na ambamo mgonjwa wa figo mwenye damu pungufu huongezewa damu kwa sababu sindano za kupandisha damu zina gharama kubwa, swali hili lina uzito wake hapa hapa kwetu.

Uzito huo umejulikana tangu 1969, pale Patel na Terasaki walipochapisha matokeo ya wagonjwa 225 waliopandikizwa figo. Kati ya 30 ambao seramu yao, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, iliziua seli za mtoaji kwenye kipimo cha krosimachi, figo 24 zilikufa papo hapo. Kati ya 195 ambao kipimo chao kilikuwa safi, zilizokufa papo hapo zilikuwa 8. Makala ile ina jedwali dogo ambalo kila anayeanza kazi hii inampasa akae mbele yake kwa nusu saa, kwa kuwa linaonyesha jinsi kipimo kimoja kilichoulizwa vizuri kilivyobadili utaratibu wa hospitali duniani kote.

Sasa hesabu. Ukikisia kwamba asilimia 20 ya wagonjwa wana kingamwili hizo, na ukitaka jibu lako lisikosee kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji watu 246. Ukiongeza nafasi ya asilimia 10 kwa ajili ya watakaojitoa au sampuli zitakazoharibika, utaandika 274. Ukiridhika na kosa la asilimia 10 watakutosha watu 62, ila jibu lako litakuwa kati ya asilimia 10 na 30, na jibu pana namna hiyo halimsaidii mtu kupanga huduma. Andika hesabu hiyo yote katika andiko, pamoja na chanzo cha ile asilimia 20. Kamati nyingi hurudisha maandiko kwa sababu mwombaji ameandika namba ya mwisho tu bila kuonyesha alikoitoa.

Bado kuna mtego katika kuuliza historia. Mgonjwa akiulizwa amewahi kuongezewa chupa ngapi za damu husema mbili, halafu daftari la benki ya damu linaonyesha saba. Mama akiulizwa watoto wangapi husema wanne, akiziacha mimba mbili zilizoharibika, ambazo nazo zinaweza kuifundisha kinga. Dodoso liulize mimba, lisiishie kwa watoto, tena liulizwe faraghani na muuguzi mwanamke ikiwezekana, na hesabu ya damu ithibitishwe kwenye daftari. Sampuli nayo isichukuliwe siku chache tu baada ya mgonjwa kuongezewa damu. Acha zipite angalau wiki 2, maana kingamwili huhitaji muda kuonekana.

Safari ya damu kutoka kitini hadi kwenye friza

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapokufa, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Chagua vichupa kwa sababu. Chenye kifuniko chekundu ni cha seramu, na seramu ndiyo utakayoipima kingamwili. Chenye kifuniko cha zambarau kina EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, nacho ni cha kutoa DNA kwa ajili ya kupima aina za HLA. Cha kijani kina heparini na kinafaa unapotaka seli zilizo hai, lakini usikitumie kwa DNA ukiwa na njia nyingine, kwa sababu heparini huzuia mmenyuko wa PCR, ule wa kuizidisha DNA ili ipimike, na utakaa wiki nzima ukiilaumu mashine ambayo haina kosa.

Seramu ni rahisi: acha damu igande, zungusha kwenye mashine, vuna yale maji ya manjano yaliyo juu, yagawe katika vichupa vidogo vya nusu mililita, uhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ugawe tangu mwanzo. Anayehifadhi mililita 3 katika kichupa kimoja atalazimika kuiyeyusha na kuigandisha upya kila anapotaka kupima kitu, na kila mara kingamwili huchakaa.

Seli hai zina adabu zake. Damu ichanganywe na maji ya chumvi yenye bafa kwa kiasi sawa, kisha imiminwe taratibu mno juu ya Ficoll, kimiminika kizito kinachotenganisha seli, pipeti ikiwa imeegemezwa kwenye ukuta wa tyubu ili tabaka mbili zisivurugane. Zungusha kwa dakika 30 kwa nguvu ya mara 400 ya mvutano wa dunia, kwenye joto la chumba, na breki ya mashine ikiwa imezimwa. Ukiisahau breki, mashine itasimama kwa ghafla na kazi yote itachanganyika. Ukiifanya vizuri utaona kitu cha kupendeza: chini kabisa seli nyekundu, juu plazma ya rangi ya majani makavu, na katikati yake pete nyembamba, nyeupe kama utando wa tui lililopoa. Pete hiyo ndiyo unayoitafuta. Inyonye kwa pipeti ukizunguka ukingoni, uioshe mara mbili, uzihesabu seli kwa rangi ya tripani bluu inayoingia ndani ya zilizokufa na kuziacha zilizo hai, kisha uzigandishe polepole, nyuzi moja kwa dakika, katika mchanganyiko wenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozilinda seli na barafu. Zikae kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kwa usiku mmoja au siku chache tu, halafu zihamie kwenye naitrojeni ya maji. Unapoziyeyusha fanya kinyume chake, yaani haraka, kwenye maji ya nyuzi 37.

Damu ya namna hii inataka kushughulikiwa ndani ya saa 8, na isizidi 24. Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba utachukua sampuli za seli hai, tembea mwenyewe kutoka kwenye kiti cha mgonjwa hadi maabara ukiwa na saa mkononi. Ikiwa zamu ya tatu ya kusafisha damu inamalizika saa tatu usiku na maabara inafungwa saa kumi jioni, basi wagonjwa wa zamu hiyo wameshatoka kwenye utafiti wako, na si ajabu wakawa ndio wale wanaofanya kazi mchana, tofauti kabisa na wale wa zamu ya asubuhi. Huo ni upendeleo wa uteuzi uliozaliwa na ratiba ya kufuli. Kwa swali letu la mfano, habari njema ni kwamba seramu inatosha, na seramu inasamehe. Kama huna naitrojeni ya maji, usiahidi seli hai.

Lebo nayo ni jambo. Kalamu ya wino hufutika ukigusa kichupa kwa kitambaa chenye spiriti, na lebo ya karatasi hubanduka kwenye baridi kali. Nunua lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya friza. Namba ya mshiriki isiwe na jina wala namba ya jalada ndani yake.

Kisha umeme. Katika mwaka wangu wa pili, katika maabara ambayo sitaitaja, friza ilizimika Ijumaa usiku na kengele yake ikalia hadi Jumatatu ndani ya chumba kisicho na mtu. Nilipofungua mlango harufu ilinifikia kabla ya macho hayajaona. Vichupa 112 vilikuwa vikielea kwenye maji ya uvuguvugu, na wino wa baadhi ya lebo ulikuwa umeshuka hadi kwenye rafu ya chini. Tangu siku ile sampuli zangu zimegawanywa katika friza mbili zilizo katika majengo mawili yenye jenereta tofauti, nusu ya kila mshiriki huku na nusu kule, na kifaa cha kupima joto kinatuma ujumbe kwenye simu za watu watatu. Gharama ya mpango huo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana hakuna mfadhili atakayekuongezea fedha kwa ajili ya majuto.

Kupima, na kutoyaamini matokeo haraka

Kingamwili dhidi ya HLA siku hizi hupimwa kwa shanga ndogo mno, kila shanga ikiwa imebandikwa alama moja ya HLA, na mashine ya Luminex husoma ni shanga zipi zimeng'aa. Namba inayotoka ni kiwango cha mng'ao. Haikuambii moja kwa moja ni kingamwili kiasi gani zimo katika damu, na kila maabara ina mstari wake inaoukubali kuwa mpaka wa chanya na hasi. Uandike mpaka wako kabla ya kuona matokeo. Tena kuna seramu zenye kingamwili nyingi kiasi kwamba vitu vingine vya damu, hasa komplimenti (protini za kinga zinazosaidiana na kingamwili), huziba shanga na mng'ao ukaonekana mdogo; ndiyo maana seramu hutiwa EDTA au huzimuliwa na kupimwa upya. Mwanafunzi asiyelijua hilo humwandika mgonjwa mwenye hatari kubwa kabisa kuwa hana tatizo.

Na kuna jambo ambalo mtafiti wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliuliza kuliko mtu mwingine. Shanga hubeba alama zilizochaguliwa na kiwanda, na kiwanda huchagua kwa kuangalia soko lake. Watu wa Afrika wana aina nyingi zaidi za HLA kuliko watu wa bara lolote lingine. Mgonjwa anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya alama ya mtoaji isiyowakilishwa na shanga hata moja, shanga zote zikanyamaza, halafu krosimachi ikaja chanya. Ukizipima kwa kina HLA za wagonjwa wako na za ndugu waliojitolea, kisha ukaorodhesha zisizomo kwenye shanga, tayari unayo sura ya pili ya tasnifu, tena yenye jambo jipya ndani yake.

Ndugu, ridhaa, na siri inayotoka bila kuitwa

Sehemu ya maadili katika maandiko mengi hunakiliwa kutoka andiko la mtu mwingine, na huonekana. Katika upandikizaji haiwezekani kuinakili, kwa sababu mtoaji wetu kwa kawaida ni ndugu aliye hai, na undugu una nguvu zake.

Kila mtoto hurithi fungu moja la HLA kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi ya robo kulingana kikamilifu, nusu kulingana kwa fungu moja, na robo kutolingana kabisa. Baba na mwanawe lazima walingane kwa fungu moja. Wasipolingana, karatasi ya maabara imesema jambo ambalo familia haikuliuliza. Litakutokea, ukipima familia za kutosha, halina budi kutokea. Amua mapema, uandike kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba vipimo hivi vinaweza kugusa uhusiano wa damu na kwamba utafiti hautatoa taarifa hiyo kwa mtu yeyote. Kisha uhakikishe kuwa msaidizi wako wa utafiti, aliye kijana na mwenye bidii, haandiki matokeo ya familia nzima kwenye karatasi moja na kuiacha mezani.

Kuhusu hiari, nitaeleza nilichokiona. Binti mmoja aliketi mbele yangu na kaka zake wawili. Nilimuuliza kama amekubali kwa hiari yake kupimwa. Aliinama, akamtazama kaka mkubwa, kisha akasema, "Ndiyo, daktari, sisi tumekubali." Alisema sisi. Niliwaomba kaka zake, kwa heshima, watupishe. Tulipobaki peke yetu na muuguzi, alichukua muda kabla ya kusema kwamba anaogopa, ana mtoto anayenyonya, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Hakupimwa, na sababu ilibaki kati yake na sisi. Utaratibu wa kumhoji kila ndugu peke yake, na mtu asiye daktari wa mgonjwa, uandikwe kama hatua ya lazima ya utafiti. Tamko la Istanbul la mwaka 2008 linapinga biashara ya viungo na linataka mtoaji alindwe. Utaratibu huu ndio unaolileta tamko lile chumbani.

Kuhusu vibali nitapita haraka. Tanzania Bara utahitaji kibali cha kamati ya chuo na cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Zanzibar ina kamati yake. Kenya utapitia kamati ya maadili ya taasisi na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sampuli zikisafiri nje ya nchi kunahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli, na mkataba huo useme wazi nani mwenye sampuli zinazobaki. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu wewe na kompyuta yako. Panga miezi 6 kwa vibali, na usichukue hata tone moja kabla havijatoka.

Sura ya tatu: dawa na waliokwisha kupandikizwa

Mwaka 1954 Joseph Murray alipopandikiza figo Boston, mtoaji alikuwa pacha wa kufanana wa mgonjwa, na dawa za kushusha kinga hazikuhitajika. Wagonjwa wetu hawana bahati hiyo. Wanaishi kwa takrolimasi, dawa ya kushusha kinga. Idadi yao ni ndogo, lakini kila mmoja hupimwa kiwango cha dawa mara nyingi, na vipimo vingi kwa mtu mmoja humpa mtafiti nguvu ambayo idadi ya vichwa haikumpa.

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana kimeng'enya cha CYP3A5 kinachofanya kazi, na hicho huivunja takrolimasi haraka. Miongozo ya tiba kwa jeni inapendekeza mgonjwa wa namna hiyo aanze na dozi ya mara 1.5 hadi 2 ya ile ya kawaida. Dozi iliyopangwa kwa mgonjwa asiye na kimeng'enya hicho itamwacha wetu chini ya kiwango katika wiki zilezile ambazo kinga ni kali. Ukiunganisha jeni, dozi, na idadi ya siku zilizopita kabla mgonjwa hajafikia kiwango, sura yako ya tatu itasimama hata kwa wagonjwa 40.

Sharti lake ni nidhamu ya kipimo. Damu ichukuliwe asubuhi kabla ya dozi, kwenye kichupa cha zambarau, na ipimwe damu nzima kwa kuwa dawa hii hujificha ndani ya seli nyekundu. Ukipima plazma umepima ukingo tu. Wagonjwa wengi huja kliniki wakiwa wamekwisha meza dawa, kwa kuwa waliambiwa wasikose hata siku moja, na hawana kosa. Wapigie simu jioni ya kuamkia kliniki. Dodoso liulize rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo hushusha takrolimasi kwa kiasi cha kutisha na ambayo kwetu, penye kifua kikuu kingi, si jambo la nadra. Liulize pia balungi, ambalo huipandisha. Mgonjwa mmoja alinisumbua kichwa kwa mwezi mzima hadi mkewe alipotaja, kwa kupita tu, juisi ya kila asubuhi.

Wasimamizi, muda, na kuandika

Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa wodini na mmoja wa maabara, na uwakutanishe mapema uso kwa uso. Wa wodini hatajua kwa nini unahitaji wiki 3 kurudia kipimo, na wa maabara hatajua kwamba hukupatikana kwa sababu ya majeruhi wa ajali ya basi. Pata kwa maandishi siku mbili za utafiti kwa wiki kutoka kwa mkuu wa idara. Ahadi ya mdomo huliwa na zamu ya kwanza yenye upungufu wa watu.

Taarifa ziingizwe kwenye kanzidata tangu mshiriki wa kwanza, na REDCap, programu ya kukusanyia taarifa za utafiti, hupatikana bure kwa taasisi zisizo za faida. Baada ya washiriki 20 simamisha kazi kwa wiki moja, chapisha kila kitu, na ukague mwenyewe mstari kwa mstari ukilinganisha na majalada. Mimi niligundua hapo kwamba wasaidizi wawili waliandika tarehe kwa mpangilio tofauti, siku kwanza na mwezi kwanza. Kwa watu 20 nilirekebisha kwa mchana mmoja.

Sura ya mbinu iandike wakati bado mikono yako inanuka spiriti, usingoje mwaka wa mwisho. Andika namba ya toleo la shanga, kasi ya mashine, na jina la kila kitendanishi. Mtahini atauliza, na kopo litakuwa limetupwa. Matokeo hasi yaandike kwa upana uleule wa matokeo chanya. Ikiwa wanawake waliozaa mara sita hawakuonyesha kingamwili zaidi ya waliozaa mara mbili, hilo ni jibu.

Na kabla ya kukabidhi tasnifu, chora ramani ya friza: sanduku lipi, safu ipi, mshiriki yupi, kimebaki kiasi gani, na ridhaa yake inaruhusu nini. Bandika nakala moja kwenye mlango wa friza na uitume nyingine kwa msimamizi wa maabara, maana anayekuja baada yako ataufungua mlango ule akiwa na swali lake, na wewe utakuwa chumba cha upasuaji, simu ikiwa imezimwa.